Tangazo Namba Sita

Jioni ile nilikuwa nimebeba dumu la dizeli. Nalitaja dumu kwanza ili ujue sikuwa natafuta makuu. Nilikuwa mfanyakazi wa serikali anayepanda mlima kwenda kuwasha jenereta, jasho linanitoka, viatu vinanibana, na mke wangu Veronika hayupo wa kunisikiliza nikilalamika. Alikuwa kwao Nyangamara, amekwenda kumsaidia mama yake kuokota korosho.

Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima, nje kidogo ya Lindi mjini. Chumba cha mitambo, studio ndogo yenye kioo, baraza na mnara. Siku nzima tulipokea matangazo ya redio kutoka Dar es Salaam na kuyarusha huku kusini. Ila saa moja na robo jioni Dar walituachia dakika kumi na tano za kwetu, na katika dakika hizo tulisoma vifo.

Vijana wa siku hizi nikiwaambia hivi wanacheka. Hawajui kwamba mtu akifa Nyangamara na mwanawe yuko Songo Songo, hapakuwa na simu ya kumpigia. Karatasi ililetwa na basi, sisi tukaisoma, na mtoto akasikia huko kisiwani akatafuta chombo cha kumvusha. Saa moja na robo ikifika hata walevi walinyamaza.

Na redio yenyewe ilikuwa redio. Ndiyo iliyowafundisha wazee kusoma na kuandika. Ndiyo iliyotaja bei ya korosho, ikasema vita vimeanza, ikasema vita vimekwisha. Kwa miaka mingi ilikuwa peke yake hewani na sikumbuki mtu aliyesimama akasema redio imekosea. Likisemwa, limekuwa.

Halafu likaja soko huria. Dar wakaanza stesheni za watu binafsi, vijana wanacheka tu hewani bila sababu, na televisheni ikaingia mahotelini. Sisi tukapunguzwa. Likwata, mtangazaji mkongwe aliyenifundisha kazi, akapewa barua yake pamoja na wenzake wanne. Nikabaki mimi, Severini Mchopa, fundi, mtangazaji na mfagizi.

Likwata aliniachia sheria mbili. Ya kwanza: usipokee tangazo la kifo bila mhuri wa mtendaji wa kata. Ya pili: tangazo likishapewa namba kwenye daftari, lazima lisomwe siku hiyohiyo.

Ya pili niliishika. Ya kwanza niliifuta mwenyewe, sikutumwa na mtu. Watendaji walikuwa hawakai ofisini, watu wanahangaika na misiba yao, na mimi niliogopa kwamba matangazo yakipungua kituo kitafungwa. Nikajiona mwerevu.

Basi nilipofika juu na dumu langu, nilimkuta mwanamke ameketi barazani.

Alikuwa wa makamo, amejitanda kanga iliyochuja mpaka maua hayaonekani. Alinuka karafuu maiti. Sikushtuka, kwa sababu watu wa misiba wananuka hivyo.

"Za jioni, mtangazaji," alinong'ona.

"Njema, mama. Pole. Umefiwa na nani?"

"Sijafiwa. Mimi naleta tu."

Akanipa karatasi. Ilikuwa na unyevu, na hali mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano. Nikaandika namba nne juu yake, nikawasha jenereta, nikaingia studio. Muda ulipofika nilisoma kwa sauti yangu nzuri: Hussen Mpelu wa Kitomanga anasikitika kutangaza kifo cha mkewe, Naima Abilahi, kilichotokea leo jioni. Habari ziwafikie ndugu na jamaa wote, popote walipo.

Nilipotoka, baraza lilikuwa tupu. Nikafunga mlango, nikashuka kwenda kula.

Katikati ya njia nikasimama.

Leo jioni? Kitomanga ni mbali. Mtu amefariki kule jioni ya leo, na karatasi yake ilikuwa mkononi mwangu kabla jua halijazama...

Nikajiambia watu wa vijijini hawajui kuandika saa. Nikaendelea kushuka.

Baada ya siku mbili alikuja mwanamume mrefu, kofia mkononi. Alinitolea salamu, nikaitikia. Akasema yeye ndiye Hussen Mpelu.

"Pole sana, ndugu yangu," nilisema.

"Nimeshapoa. Nimekuja kuuliza. Nani alikuletea habari ya mke wangu?"

"Mama mmoja. Alisema... karatasi ilikuwa na jina lako."

"Mimi sijaandika karatasi."

Alikaa kwenye benchi, akaiweka kofia gotini. Alisimulia polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Tulikuwa uani. Naima anakuna nazi, redio iko dirishani. Ukasoma jina lake na langu. Mimi nikacheka. Nikamwambia, umesikia, we mwanamke, kumbe umekufa! Hakucheka. Akaniambia, 'Hiyo ni redio ya serikali, Hussen.' Akanawa mikono. Akaingia ndani, akajilaza. Nilipomfuata alikuwa wa baridi."

Nililivuta daftari, nikatafuta namba nne.

"Sikuja kugombana," Hussen alisema. "Nimekuja tu kumjua huyo aliyekuwa na haraka."

Sikuweza kumwambia, kwa sababu sikumjua. Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa Likwata.

Nilimkuta anatengeneza redio za watu, miwani imefungwa kwa uzi, amekunja uso. Tangu apunguzwe kazi hakuwa na neno zuri kwa mtu. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye habari ya mhuri, aliweka chini chuma chake cha kulehemu.

"Umefuta mhuri?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani ni urembo? Mtendaji hagongi mhuri mpaka aione maiti kwa macho yake. Ndiyo maana yule mama alikuwa hapiti!"

"Kwa hiyo unamjua?"

"Namwona tu. Alianza kuja mwaka tuliofungua kituo. Kila jioni, na karatasi yake mbichi. Namwuliza mhuri uko wapi, anaondoka. Si mchawi wa hapa, nimeuliza kwa wanaojua. Anakwenda pale ambapo neno likisemwa watu wanalikubali. Zamani sijui alikuwa anakwenda kwa nani."

"Akileta tena nisisome?"

"Ukishaipa namba, soma. Mimi niliiacha moja, kabla sijaweka sheria ya mhuri." Alivua miwani. "Mtu mmoja alikuwa ameandikwa. Wakafa wanne, wote wamekaa kuizunguka redio. Sasa nakuambia hivi, na usiniulize nimejuaje. Unaweza kuyabadili maneno. Ila jina likishatoka mdomoni limetoka, hulirudishi. Haya nenda, rudisha mhuri."

Nikarudisha mhuri siku hiyohiyo. Nikabandika karatasi mlangoni kwa herufi kubwa. Wiki mbili zikapita, watu wakinung'unika na mimi nikijifanya siwasikii. Yule mama hakuja, nikaanza kulala vizuri. Jumapili moja nikamwandikia Veronika arudi, nyumba imepoa bila yeye.

Ijumaa iliyofuata jenereta liligoma. Nilipolimudu, mikono yangu ilikuwa myeusi kwa oili na saa inasema saa moja na dakika kumi. Utingo wa basi la jioni akafika anahema, akanipa bunda la karatasi zilizofungwa kwa uzi wa katani. Matangazo ya vijiji vya njiani huletwa hivyo, bunda moja. Nikaitazama ya juu. Ilikuwa na mhuri, mwekundu, unasomeka vizuri.

Nikaitazama ya juu tu.

Nikafungua uzi, nikaziandika namba zote haraka, moja mpaka saba. Nikafunga mlango wa nje kwa komeo, nikaketi mbele ya kipaza sauti. Taa nyekundu ikawaka.

Nikasoma ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilikuwa ya mtoto mchanga, nikaisoma kwa upole. Ya nne. Ya tano.

Harufu ikaja.

Karafuu maiti... ndani ya studio iliyofungwa.

Wanaosoma kwa kazi watanielewa. Mdomo huwa unatangulia, akili inafuata nyuma. Karatasi ya sita ilikuwa na unyevu vidoleni, nami nikaihisi, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza.

"Kutoka Nyangamara," nilisema. "Veronika Mchopa..."

Ndipo macho yakaona yaliyoandikwa mbele. *Mke wa Severini Mchopa wa Lindi, amefariki dunia leo jioni. Mumewe anasikitika.*

Nikanyamaza.

Hewa ikawa tupu. Kutoka Kilwa mpaka Mtwara watu walikuwa wanasikiliza mlio mwembamba wa mitambo yangu. Nikainua macho. Nyuma ya kioo, katika chumba cha mitambo ambacho funguo zake zilikuwa mfukoni mwangu, yule mama alikuwa amesimama. Mikono ameikunja tumboni. Ananisubiri.

Nilimwona Veronika kwa mawazo, ameketi kizingitini kwa mama yake na ile redio yetu ya mbao. Hakosi hata siku moja. Aliwahi kuniambia kwamba akiwa mbali nami, saa moja na robo ndiyo saa yangu ya kurudi nyumbani. Sasa alikuwa amesikia jina lake. Limetoka, silirudishi. Kilichobaki mikononi mwangu ni maneno yatakayofuata.

Sekunde tatu. Nne.

Nikasogea kwenye kipaza sauti.

"...anasikitika kutangaza kifo cha mumewe," nilisema.

Yule mama akainamisha kichwa, anasikiliza.

Mume gani? Sikuweza kumtaja mtu aliye hai. Nikatafuta jina lisilo na mwenyewe. "Mzee Stephano Nangumbili," nilisema, jina ambalo sijawahi kulisikia kokote. Wa wapi? "Wa Songo Songo." Kazi? Songo Songo ni kisiwa cha wavuvi, mchanga mtupu, nani atapanda baiskeli huko? "Aliyekuwa fundi baiskeli. Amefariki leo jioni akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu."

Hapo ningekoma. Lakini tangazo la kifo lina utaratibu wake, na mimi ulimi wangu umelelewa katika utaratibu huo miaka kumi na nane. Lazima habari ziwafikie watu. Majina yakatoka yenyewe. Brigita, Valeria, Ismaili. Ni majina tuliyokuwa tumeyaweka akiba, mimi na Veronika, tulipooana, kabla hatujaelewa kwamba hatutajaliwa. Hilo la Ismaili lilikuwa la babu yake.

"Habari ziwafikie watoto wao, Brigita, Valeria na Ismaili, popote walipo."

Nilipoinua macho, yule mama alikuwa ameyafumba yake. Aliitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Nikashusha macho kusoma ya saba. Nilipoyainua tena hakuwepo, na komeo la mlango lilikuwa kama nilivyoliacha.

Usiku huo sikulala. Jumamosi nilitaka kwenda Nyangamara, hapakuwa na gari. Jumapili mchana lori la korosho likasimama mbele ya nyumba yetu, na mtu aliyeshuka kutoka juu ya magunia, kanga imejaa vumbi, alikuwa mke wangu.

Nililia barabarani mbele za watu. Sioni aibu kusema. Nilimshika mikono, mashavu, shingo. Alikuwa wa moto.

"Nilisikia jina langu," aliniambia tulipokaa ndani. "Nikasimama. Baridi ikaanza nyayoni, ikapanda mpaka magotini. Nikasema basi. Halafu ukaendelea kusoma, ikashuka."

"Nilimdanganya," nilisema, na nilikuwa najisifu. "Nilimtungia mtu. Hakuna Stephano Nangumbili duniani, mke wangu. Amepewa hewa!"

Veronika hakucheka. Alitazama mikono yake.

"Maskini," alisema.

"Nani?"

"Huyo mzee."

Jioni alitandika mkeka sakafuni, akalala hapo. Nilipomwuliza, alisema kitanda kinampa joto. Kesho yake akafumua nywele na hakusuka tena. Redio ikianza muziki, anaipunguza mpaka haisikiki. Mimi nilikuwa na furaha kubwa mno, na mtu mwenye furaha hachunguzi. Nilimwachia apumzike.

Siku ya tisa tangu tangazo lile, Jumamosi asubuhi, mtu akapiga hodi.

Walikuwa watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, vijana wa ishirini na kitu. Mwanamume alibeba mfuko wa turubai wenye madoa ya kutu, na ndani yake vyuma vinagongana. Nguo zao zilikuwa mpya kabisa, bado zina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo," walisema kwa pamoja.

"Marahaba. Karibuni. Sijui nawasahau?"

"Hatujaonana," alisema mkubwa wao, mwanamke mwenye macho makubwa. "Ila sauti yako tunaijua. Mimi ni Brigita. Huyu Valeria, huyu Ismaili. Tumetoka Songo Songo."

Nikakaa kwenye kigoda bila kuwakaribisha kukaa.

"Tumekuja kukushukuru," Valeria alisema kwa sauti ya chini. "Kwa kumtangaza baba."

"Baba yenu..."

"Tumemzika. Kaburi lipo."

"Mlimjua?" Swali la kijinga, lakini ndilo lililotoka.

Wakatazamana. Ismaili akauweka mfuko chini na kuufungua. Spana, pampu, kopo la gundi ya viraka. Vyote vilikuwa vimetumika miaka mingi, mipini imelika kwa mkono wa mtu.

"Hivi tumevikuta nyumbani," alisema. "Kisiwani hakuna baiskeli. Tukiwauliza watu, wanasema ndiyo, mzee Stephano, fundi baiskeli, miaka sitini na mitatu. Tukiuliza zaidi wananyamaza. Na sisi pia, mzee... Sisi tunakumbuka hayo tu. Uliyoyasoma."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. Alikuwa na uchungu wa kweli. Nimesoma vifo miaka mingi, naujua.

Nilitaka kusema ukweli. Kwamba mtu huyo hakuwahi kuwepo, nilimtunga kwa sekunde nne ili kumwokoa mke wangu. Nikaangalia nyuso tatu zile. Brigita alikuwa na paji la uso la Veronika. Valeria alikuwa na mdomo wake. Ukweli nikauacha.

"Mmekuja kwa shukrani tu?" nilinong'ona.

"Hapana," alisema Brigita. "Tumekuja kumchukua mama."

Pazia la chumbani likasogea.

Veronika alikuwa ameshavaa. Kitambaa cheusi kichwani, furushi dogo mkononi, limefungwa siku nyingi kwa jinsi lilivyokuwa limekazwa. Hakushangaa. Alimwendea Brigita akamshika uso, kisha Valeria, kisha Ismaili. Alichukua muda mrefu. Miaka kumi na mitano ya ndoa nilikuwa sijamwona mke wangu na uso ule.

"Mmechelewa, wanangu," alisema. "Nimekaa na msiba peke yangu."

"Chombo kilikosekana, mama," alisema Valeria, na wote wanne wakaanza kulia.

Nikasimama mlangoni, nikawazibia njia. Sijui nilitaka kufanya nini.

"Veronika," nilisema. "Mume wako ni mimi. Ni mimi, Severini!"

Aliniangalia. Nilitafuta machoni mwake hasira, au mzaha, au hata woga. Nilichokiona ni heshima tu, ile ambayo watu wa vijijini huwapa watu wa serikali.

"Sauti yako naijua," alisema. "Ni wewe uliyetutangazia. Mungu akubariki, mtangazaji."

Nikawapisha.

Niliwafuata kwa macho mpaka walipokata kona. Ismaili alikuwa amembebea furushi. Majirani walitoka kuangalia, nami nikawaambia amekwenda msibani, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Nilimwendea Likwata. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, halafu akaniambia niondoke, anafunga. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Nimefikiri sana juu ya kukanusha. Redio huwa inakanusha, ni haki yake. Lakini nikisema hewani kwamba Stephano Nangumbili hakufa, nitakuwa nimempa Veronika mume aliye hai. Nikisema Veronika si mke wake, hapo jina lake litakuwa limetajwa tena, peke yake, halina cha kulifuata, na karatasi ile yenye unyevu bado iko ndani ya daftari. Kila nikiifungua haijakauka.

Watu wanaotoka Songo Songo wananiambia yuko salama. Amenenepa kidogo. Anaishi na wanawe watatu, wanamheshimu sana, na jioni wanakaa pamoja kizingitini kusikiliza redio.

Kwa hiyo bado nasoma. Saa moja na robo, kila siku, nasoma polepole na kwa sauti nzuri. Niliomba asife, na hajafa.